Nukta Mbili Bila Mshale

Mimi watu nawajua kwa kisogo. Wanaosema macho ndiyo yanayotoa siri ya mtu hawajawahi kusuka. Macho yanafundishika. Mtu akikaa kwenye kiti changu akaniangalia kupitia kioo, anaweza kunidanganya kuanzia utosini hadi kidevuni, lakini kisogo hakina adabu hiyo. Kikiogopa kinakaza, kikisema uongo kinatoa jasho, na kikikasirika vile vinywele vya chini kabisa, visivyosukika, vinasimama vyenyewe. Kwa hiyo nikisema namjua wifi yangu, sisemi hivyo kwa kuwa ameolewa na kaka yangu. Nimemsuka kila mwisho wa mwezi tangu aingie kwetu, na kisogo chake nakijua kuliko anavyokijua yeye.

Wanafunzi wake wanamwita Nukta. Anafundisha fizikia chuoni, na kila somo, liwe la joto, la umeme au la mwanga, analianza kwa kuchora nukta moja katikati ya ubao, halafu anasubiri mpaka darasa zima linyamaze. Sisi nyumbani tulilidaka jina hilo kwa kumtania, baadaye tukasahau kwamba ulikuwa utani. Hata Mama, ambaye hapendi majina ya mitaani, humwita Nukta, na akimkasirikia humwita Mwalimu.

Ni mwanamke mfupi, mwembamba, anayetembea haraka kama aliyeacha sufuria jikoni, ingawa sufuria hana habari nazo. Hajui kupika. Hilo alilisema kabla ya ndoa, mbele ya wazee, kwa uso mkavu, na kaka yangu akasema yeye anajua, mambo yakaisha. Hajui kusengenya pia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Unampelekea habari moto moto ya jirani, badala ya kushika mdomo kama watu wengine anakuuliza: hilo lilitokea kabla hajahama, au baada? Na yeye alijuaje? Nani alimfikishia? Ukifika mwisho utamu wote umekwisha, umbeya umegeuka mtihani.

Mjomba wake, aliyemlea tangu akiwa mdogo, anasema alikuja duniani hivyo hivyo. Siku moja kikombe kilivunjika, akaulizwa nani amekivunja, akajibu kwamba kimevunjwa na sakafu. Akaendelea. Sakafu isingekivunja kama kisingeanguka, kisingeanguka kama kisingeteleza mkononi, kisingeteleza kama kisingekuwa na sabuni, na sabuni alipewa na Mjomba. Mjomba anasema alikuwa ameshanyoosha mkono amchape, akagundua kwamba mkono wenye kosa ni huo huo alionyoosha.

Kaka yangu naye ni fundi wa majokofu. Walikutana pale jokofu la maabara ya chuo lilipokufa na vitu vyao vya utafiti vikaanza kuoza. Mafundi wengine walikuja, wakalipiga teke kidogo, wakasema gesi imekwisha. Kaka alikuja, akachuchumaa, akauliza kama jokofu lilianza kunguruma kabla ya kuacha kugandisha, au baada. Kwa sababu, alieleza, kuna kompresa inayokufa ndipo baridi inakwisha, na kuna baridi inayovuja mlangoni kompresa ikajiua kwa kufanya kazi bila kupumzika, na mteja kila mara anakusimulia kinyumenyume. Wifi aliniambia kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kumwuliza swali zuri namna ile. Wengine wanapewa maua, yeye alipewa mpira wa mlango wa jokofu, na akakubali.

Kazi yake hasa, ile anayoifanya baada ya kufundisha, sidai kwamba naielewa. Alinieleza huku namsuka, nami nilimsikiliza kwa sikio moja, la pili likiwa kwa mteja wa kiti cha jirani aliyekuwa na habari za ndoa ya mtu. Alisema wenzake wana nadharia mbili kubwa. Moja ni ya uvutano, inayoeleza kwa nini kitu ukikiachia kinaanguka, na kwa nini saa ya mlimani haiendi sawa na saa ya bondeni. Ya pili ni ya kwanta, ya vitu vidogo kupita kiasi, ambavyo havijiamulii viko wapi mpaka mtu avipime. Zote mbili zimejaribiwa zikafaulu, ila hazikai chumba kimoja. Nikamwambia hao ni wake wenza. Akacheka, akasema ndiyo, na watu wa fani yake wanahangaika kutafuta nyumba itakayowaweka wote.

Nyumba aliyoipenda yeye ilikuwa hivi. Ukishuka chini kabisa, chini ya vumbi, chini ya chembe zinazounda vumbi, unafika pasipo na mahali. Hakuna saa, hakuna umbali, hakuna juu wala chini. Kuna matukio tu, nukta na nukta, na kati ya nukta kuna mishale: hii iliweza kuifikia ile, hii ni sababu, ile ni tokeo. Ukiwa na nukta za kutosha na mishale yake, vingine vyote, urefu, saa, hata huko kuanguka kwa vitu, unavipata kwa kuhesabu. Ukimwuliza dunia imeshonwa kwa uzi gani, atakwambia imeshonwa kwa kabla na baada.

Jirani yake wa ofisi, mwanamume mmoja mrefu anayesema polepole, alikuwa na maoni mengine. Kama vitu vidogo havijiamulii viko wapi, alisema, basi huko chini hata mishale haijaamua inaelekea wapi. Huenda hii imeitangulia ile, huenda ile imeitangulia hii, huenda yote mawili kwa mpigo. Wifi alimpa jina la Bwana Huenda, na akimtaja kisogo kilikuwa kinakaza mpaka kitana hakipiti. Mimi kwa kweli niliona Bwana Huenda ana lake jambo, maana saluni kwangu wateja wawili hufika mlangoni na kila mmoja huapa kwamba yeye ndiye wa kwanza. Lakini sikusema. Nilikuwa nimemsuka nusu kichwa, na mtu wa nusu kichwa akinuna akaondoka, jina linaloharibika ni langu.

Mwaka huu akaalikwa kwenye mkutano wa wenzake, nchi ya mbali, akaeleze kazi yake mbele yao na amjibu Bwana Huenda hadharani. Kaka angekwenda naye. Hawajawahi kusafiri pamoja kwenda mbali, mtoto wao wa pekee yuko shule ya bweni, ilikuwa nafasi nzuri. Kaka akanunua begi la magurudumu, akawa analivuta sebuleni kila jioni, kutoka dirishani hadi mlangoni, kulizoea.

Siku chache kabla ya safari, kila kitu kikaharibika kwa jumbe mbili za sauti.

Kaka alinijia saluni akiwa amefura, akasimama katikati ya wateja bila hata kusalimia. Alimtumia mkewe ujumbe wa upole kabisa, alisema, kwamba amepata kazi kubwa kwenye jokofu la zahanati, hataweza kusafiri, aende tu mwenyewe. Na mkewe akamjibu kwamba ameona asiende huko, na yeye aendelee na kazi zake. Kazi zako. Kaka aliyarudia maneno hayo mpaka mteja mmoja chini ya kikaushio akaguna kwa huruma. Kesho yake akaja wifi, wala haikuwa siku yake ya kusuka. Alimtumia mumewe ujumbe wa upole kabisa, alisema, kwamba ameona asiende huko, na yeye aendelee na kazi zake bila wasiwasi. Na mumewe akamjibu kwamba ana kazi kubwa, aende tu mwenyewe. Nenda tu. Kama mtu anayefukuza paka, alisema wifi.

Wewe unayesoma huenda umeshaona tatizo liko wapi. Hongera yako, umekaa mahali pazuri, huna ndugu ndani yake. Mimi niliyesikia pande zote mbili nilifikiri mmoja wao anadanganya, na sikutaka kujua ni yupi.

Inabidi nieleze sheria ya kwetu. Ukoo wetu una sheria moja, ambayo Mama aliipata kwa mama yake: aliyeanza ndiye anayeomba radhi, na mpaka aombe, mwingine halazimiki kufungua mdomo. Ni sheria nzuri kwa watoto wanaopigana makonzi. Ubaya wake ni kwamba kwetu ugomvi haumalizwi, unachunguzwa. Mimi na Kaka tuliwahi kununiana likizo nzima tukibishana nani alimsukuma mwenzake kwanza, na Mama alituacha hivyo hivyo, akitupikia sufuria moja na kutupakulia vyumba tofauti. Sasa mchukue mtu aliyelelewa kwa sheria hiyo, mwoze mtu ambaye riziki yake ni kabla na baada, halafu wagombane. Hakuna atakayelegeza. Mkutano ulipita wao wakiwa nyumbani, kila mmoja akisubiri radhi yake. Wifi akahamia chumba cha vitabu. Kaka akaanza kulia chakula karakanani kwake. Kisha wifi akapanga nyumba ndogo karibu na chuo, akafunga maboksi, akaagiza gari la mizigo lije Jumamosi.

Niseme wazi: niliogopa. Kaka ni damu yangu, hata akinikera bado ni wangu. Lakini wifi akiondoka nyumba ile, angeacha kuwa wifi, na mwisho wa mwezi kiti changu kingekaliwa na kichwa kingine. Marafiki wa utotoni walinipotea mmoja mmoja kwa kuolewa na kuhama. Yule nilimpata ukubwani, kwa bahati, kupitia jokofu bovu. Sikuwa tayari kumtoa.

Nikamwambia Mama. Mama akaitisha kikao Jumamosi asubuhi, palepale nyumbani kwa Kaka na wifi, katikati ya maboksi. Upande wa wifi aliitwa Mjomba, aliyekuja amevaa koti zito na kuchagua kiti chenye mito, nikajua mara moja kwamba amekuja kulala. Dereva wa gari la mizigo naye akafika mapema. Akaambiwa asubiri, akakaribishwa chai, akaketi kwenye boksi lililoandikwa VYOMBO na kutega sikio bila aibu yoyote.

Mama alimpa Kaka nafasi ya kwanza. Kaka hakutoa hotuba. Aliweka simu mezani, akabonyeza, tukasikia sauti yake, ya upole kweli, ikieleza mambo ya zahanati. Chini yake ukafuata ujumbe wa wifi. Kazi zako. Mama akatikisa kichwa, akamtazama mkwewe. Wifi naye akaweka simu yake kando ya ile nyingine. Humo, ujumbe wa juu ulikuwa wa wifi, wa upole kweli, wa kunong'ona kama mtu aliye maktaba, na chini yake ndipo ukafuata wa Kaka. Nenda tu.

Mama alizitazama simu mbili, kisha akasema kwamba mmoja kati yao ameichezea simu yake, na aliyefanya hivyo ajitaje mwenyewe kabla Mama hajamtaja. Kaka akajibu kwamba yeye hata kubadilisha mlio wa simu anasaidiwa, mwenye elimu ya kuchezea mambo anajulikana. Hapo vile vinywele vya kisogoni mwa wifi vikasimama vyote.

Alinyanyuka. Akachukua ile kalamu nene aliyoandikia maboksi, akapiga magoti mbele ya boksi kubwa la VITABU, akatugeuzia mgongo.

"Nitawaonyesha nani ameanza," alisema, "na mtaona wenyewe."

Akachora mistari miwili iliyosimama. Huu wa kushoto ni simu ya Fundi, alisema, maana hivyo ndivyo anavyomwita mumewe, huu wa kulia ni yangu, na muda unapanda kwenda juu. Akamwuliza Kaka alikuwa wapi aliporekodi. Kaka akasema kwenye ua wa zahanati, baada ya chakula cha mchana. Akaweka nukta. Yeye mwenyewe alikuwa maktaba ya chuo, mchana huo huo, akaweka nukta ya pili upande wake. Akauliza ujumbe wake ulimfikia Kaka lini. Kaka akasema aliusikiliza jioni. Sijakuuliza uliusikiliza lini, alisema wifi bila kugeuka, nimekuuliza ulikufikia lini. Kaka akafikiri. Akasema jioni hiyo hiyo, kila kitu kiliingia kwa mkupuo, kwa sababu mtandao ulikuwa umekatika tangu kabla ya mchana. Hilo hata mimi nilikuwa shahidi wake. Saluni nzima ilikuwa inalaani kampuni ya simu siku ile, na mteja mmoja aliinua simu juu ya kichwa mpaka nikamchoma na pasi ya nywele.

Wifi akachora mshale kutoka nukta ya Kaka, ukapanda mrefu, ukatua upande wake jioni. Akachora mwingine kutoka nukta yake, ukapanda mrefu, ukatua upande wa Kaka jioni. Mishale ikapishana katikati ya boksi. Kisha akauleta mkono kwenye zile nukta mbili za chini, ya mume na ya mke, ili auchore mshale wa tatu, ule wa hukumu, wa kuonyesha kwamba hii ilikuwa jibu la ile. Mkono ukasimama hapo.

Hakuna aliyeona kitu. Mama alikuwa anasubiri, Mjomba alikuwa amefumba macho, Kaka alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi niliona kisogo. Kililegea taratibu, kuanzia juu kushuka chini. Na nikaelewa kwamba lolote atakalosema sasa litakuwa kweli, na kwamba si alilokuja kulisema. Angeweza kuuchora ule mshale. Nani kati yetu angempinga? Tungemwamini, Kaka angebanwa aombe radhi, angeomba kwa kinyongo, na gari lingepakiwa wiki nyingine badala ya hii.

"Hakuna mshale," alisema.

Mama akamwambia aseme kwa lugha ya watu.

"Mama, nilipokuwa nasema maneno yangu, ya kwake yalikuwa hayajanifikia. Na yeye alipokuwa anasema ya kwake, yangu yalikuwa hayajamfikia. Mtandao ulikuwa umelala. Mimi sikumjibu yeye. Yeye hakunijibu mimi. Ni nukta mbili ambazo hazina mshale kati yake."

"Sawa. Basi nani ameanza?"

"Hakuna, Mama. Na si kwamba hatumjui. Hayupo."

Mjomba akafumbua jicho moja, akauliza kama safari hii tena mkosaji ni sakafu. Dereva akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi, kwa uchokozi wangu, nikauliza kama maana yake ni kwamba Bwana Huenda alikuwa sahihi. Wifi akageuka ghafla, na kwa mara ya kwanza tangu maboksi yafungwe nikamwona ni yule yule wa siku zote. Akasema hapana, Bwana Huenda anadai mishale miwili kwa mpigo, hapa hakuna hata mmoja, na mtu asiyeona tofauti hiyo asuke nywele. Nikamwambia ndicho ninachofanya.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Lakini Mama alibaki ameshika kidevu, na polepole sote tukaliona lililomshika. Sheria yetu inamtaka aliyeanza. Kama hakuna aliyeanza, hakuna wa kuomba radhi, na kama hakuna wa kuomba radhi, kikao hakifungwi. Kaka na mkewe walikuwa wameondolewa makosa, na bado walikuwa wamekaa ncha mbili za sebule, hakuna anayemtazama mwenzake. Maana kuna jambo lilikuwa limebaki palepale. Safari walikuwa wameitaka wote. Kwa nini basi, mchana uleule, kila mmoja kwa upande wake, aliivunja?

Dereva akauliza kwa heshima kama aanze kupakia. Wifi aliutazama mlango.

Mama akakata shauri. Kwa kuwa wote wako sawa, wataomba radhi wote, kwa pamoja, yeye atahesabu hadi tatu. Wifi akaanza kueleza kwamba watu wawili waliokaa mbalimbali hawana "kwa pamoja" ya kweli, inategemea nani anayetazama. Mama akamwambia anayetazama ni yeye, na katika nyumba ya mwanawe ipo. Akahesabu moja, mbili, tatu.

Kila mmoja alikuwa amefunga mdomo na kumkodolea macho mwenzake, akingoja kumsikia kwanza. Dereva akacheka safari hii bila kujificha, ikabidi aweke kikombe chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nataka kuwakamata vichwa vyote viwili na kuvigonganisha.

Mama akavuta pumzi, akasema wajaribu tena, na hii ni ya mwisho.

"Moja," alisema.

"Kazi ya zahanati ilikuwa mpira wa mlango," alisema Kaka. "Niliumaliza kabla hata sijala mchana. Hapakuwa na kazi kubwa yoyote. Naogopa ndege. Kila nilipolivuta lile begi nilikuwa najipa moyo. Nilikudanganya. Nisamehe."

Mama alibaki na kinywa wazi, "mbili" ikiwa imemkwamia. Wifi alimtazama mumewe kwa jicho lile analowatazamia wanafunzi wanaoruka hatua katika hesabu.

"Umetangulia," alisema. "Mama hajafika mbili."

"Najua, mke wangu. Nimeanza mimi."

Wifi akaifunika ile kalamu kwa kifuniko chake mpaka kikatoa mlio, akaiweka chini.

"Basi nisikilize," alisema, "maana ninachosema sasa ni jibu."

Akamwambia. Mchana ule maktaba alikuwa anapitia kazi yake kwa mara ya mwisho, akakuta tundu. Mahali fulani katikati, katika hatua ya kuthibitisha kwamba mishale inatosha, alikuwa amelitumia bila kujua lile lile alilotaka kulithibitisha, jibu limejificha ndani ya swali. Kazi ya miaka, na Bwana Huenda angekuwa amekaa kiti cha mbele. Hakuweza kupanda jukwaani. Hakuweza kumwambia mtu. Ndipo akanong'ona kwenye simu kwamba ameona asiende. "Na mimi niliogopa," alisema. "Nisamehe na mimi." Kisogo sikukiona, alikuwa ametuelekea, na sikukihitaji.

Kaka akainuka. Nilidhani anakwenda kumkumbatia, Mama naye nadhani alidhani hivyo, maana alianza kurekebisha khanga yake. Lakini alisimama mbele ya mkewe, akauliza tundu lenyewe liko wapi. Wifi akamwambia halitamsaidia, ni kurasa za hesabu tupu. Kaka akasema hata kompresa yeye huiangalia kwanza kabla ya kusema haifai, na akataka aonyeshwe kwa kidole. Wifi akasema ziko ndani ya boksi la VITABU. Kaka akatoa kisu cha kazi mfukoni, akapiga goti, akaipasua gundi ya boksi kutoka ncha hadi ncha, na wote wawili wakainama humo wakaanza kutoa vitabu na kuvipanga sakafuni. Dereva alitazama kidogo, akamalizia chai yake, akatoka nje kwenda kugeuza gari tupu arudi alikotoka.